Koo la Kijivu na Koo Jekundu

"Kwa hiyo ndege wangu wafe ili wako wapone?" mtafiti alimuuliza mchumba wake mlangoni mwa chumba cha mikutano.

"Mimi sijasema hivyo, mpenzi. Wafadhili ndio waliosema watalinda msitu mmoja tu."

Ndege wenyewe ni ndugu kabisa: wadogo, wa kahawia, ukiwaona harakaharaka utaapa ni wamoja. Aliowatafiti yeye, wenye koo la kijivu, wanaishi msitu wa mlimani. Wa mchumba wake, wenye koo jekundu, wako bondeni. Wote wanaelekea kutoweka. Asubuhi hiyo kila mmoja alikuja kuwatetea wa kwake, na habari za harusi walikuwa hawazitaji tena.

Simu ya mtafiti ikaita.

"Mwanangu, usilegee," mama yake alisema. "Mapenzi weka pembeni!"

"Nimesikia, mama."

Akasimama mbele ya wafadhili, akawaonyesha picha za ndege wote wawili. Koo la kijivu hutaga vichakani, na vichaka bado vipo. Koo jekundu hutaga kwenye mashimo ya miti mikongwe, na miti hiyo imekatwa karibu yote. Msimu ule bondeni hakuonekana kinda hata mmoja.

"Wangu wanaweza kusubiri kidogo," alisema. "Wa bondeni hawawezi. Lindeni msitu wa bondeni."

Akatoka mbio, machozi yanamlenga. Alipofika getini, ujumbe ukaingia: "Usiondoke. Nakuja."

Mchumba wake akaja anahema.

"Mbona umejimaliza mwenyewe?"

"Ulitaka nidanganye?"

"Nilikuja kukushinda, jamani. Nimeona aibu." Akamshika mkono. "Nimewaambia wafadhili kazi ya kulinda msitu siichukui bila wewe. Tutatundika viota vya mbao bondeni, na walinzi wachache wapande mlimani kwako. Wamekubali."

"Unanitania!"

"Haki ya Mungu. Ila nina sharti."

"Lipi tena?"

"Tuoane kabla ya mvua."

Akacheka huku analia. "Na mama yangu utamwambia wewe."

Walioana. Mvua zilipokatika, alikuwa mlimani na walinzi wake simu ilipoita. Mumewe alikuwa ananong'ona, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Mke wangu, shuka upesi. Kiota cha pili. Kuna vinywa viwili vidogo viko wazi, vinadai chakula."