Mashine Iliyozimika Kwapani

Kila asubuhi Placide aliteka maji katika kijito cha Nyamukau, akafagia uwanja wa mama yake, akala muhogo uliolala, kisha akakimbilia shuleni. Katika likizo kubwa ya mwaka ule aliongeza kazi moja: kukata fimbo njiani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwenye kifua kipana kuliko wenzake wote waliokuwa wakingoja kuanza darasa la sita mwezi wa tisa, na Mwalimu Evariste alikuwa amemfanya shefu, yaani kiongozi, wa kikundi.

Mambo yalianza hivi. Walimu wa Bunia na vijiji vya karibu waliitwa kwenye semina katika shule ya akina Placide. Mkufunzi wao, Mama Hortense kutoka Kisangani, aliwaletea mashine ndogo za kuhesabu, ambazo tarakimu hujiandika zenyewe kwenye kidirisha. Mashine zilikuwa chache. Basi walimu walifundishwa jinsi ya kuwapanga wanafunzi katika vikundi, ili wanne au watano wasaidiane kwa mashine moja. Mchana walijaribu somo hilo kwa wanafunzi wa kweli. Watoto waliiacha likizo yao bila kunung'unika, maana nani angekataa kuona mashine inayojua hesabu?

Mwalimu Evariste hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mjuaji. Mama Hortense alipokuwa akieleza jinsi mashine inavyofanya kazi, yeye alikuwa nje akipiga soga. Na kuhusu vikundi, alijua kikundi kimoja tu: cha salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, ambapo watu hufyeka kando ya barabara huku shefu amewasimamia na fimbo. Akaligeuza darasa kuwa salongo.

"Placide, weye ni shefu," alisema. "Mashine utashika weye peke yako. Mwenye kuleta fujo, piga. Na mutoto mwenye kuvunja mashine, mwezi wa tisa asirudie hapa masomo!"

Placide alifurahi mno. Siku ya kwanza alimchapa Lucienne wa kikundi chake vidoleni kwa sababu aliinyooshea mashine mkono. Kesho yake alimchapa Ambroise, mwenzao wa kikundi, kwa kucheka. Fimbo ni tamu kwa anayeishika, asikudanganye mtu.

Siku ya mwisho ya juma walipewa hesabu ya magunia ya kahawa. Placide alifinya vitufe huku amewapa wenzake mgongo. Ambroise, aliyependa hesabu kuliko chakula, alichungulia juu ya bega lake.

"Iko makosa, Placide. Uliongeza sifuri moja."

"Nani alikuuliza weye?"

Placide aliisukuma mashine kwapani na kumpiga Ambroise fimbo ya shingo. Alipoitoa mashine, akiwa ameishika kwa kiganja kizima, kidirisha kilikuwa kitupu. Akafinya kitufe. Kitupu. Akafinya vyote. Alikumbuka mwezi wa tisa, akamkumbuka mama yake, Joséphine, aliyewaambia majirani wote kwamba mwanawe atakuwa wa kwanza katika ukoo kumaliza darasa la sita.

"Ambroise amevunja mashine!" akapiga kelele.

"Miye? Sikugusa! Lucienne aliona!"

Placide akamtandika ngumi ya mdomo ili asiendelee kusema. Damu ikamwagika kwenye shati. Ambroise naye akamrukia, akampiga kichwa cha tumbo, na benchi likaanguka pamoja nao. Walibingirika sakafuni, wakiumana na kukwaruzana. Placide, aliyekuwa mzito zaidi, akamkalia kifuani na kumpiga usoni, tena na tena, mpaka jicho moja likafumba.

"Acha! Utamuua!" alilia Lucienne, akimvuta shati. Kiwiko cha Placide kikampasua mdomo.

Mwalimu Evariste aliingia kwa hasira. Neno la shefu lilimtosha, hakuuliza jingine. Alimlaza Ambroise juu ya benchi na kuanza kumchapa mgongoni kwa fimbo yake nene. Mwanzoni Ambroise alipiga mayowe. Baadaye akanyamaza, na kile kimya kilimtisha Placide kuliko mayowe. Alijua kwamba neno moja lake lingeizuia ile fimbo. Hakulisema. Aliona aibu, aliona hofu, na hofu ikashinda.

Mama Hortense alikuja mbio na kuukinga mwili wa Ambroise kwa mkono wake. Fimbo ikamwangukia yeye.

"Mwalimu! Huyu mutoto alifanya nini?"

"Amevunja mashine, Mama."

Mama Hortense akaichukua mashine kutoka mkononi mwa Placide, akaenda kuiweka dirishani kwenye jua. Sifuri ikajitokeza, nyeusi, safi kabisa.

"Iko muzima," alisema. "Haina batri. Inakula mwangaza, ukiifunika inazimika. Nilieleza hayo siku ya kwanza. Ulikuwa wapi, Mwalimu?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Placide ilikuwa bado haijaisha: mashine ilikuwa nzima, na hakuna aliyemtaja. Angeweza kunyamaza. Akautazama mgongo wa Ambroise.

"Ni miye, Mama," alisema huku analia. "Niliificha kwapani juu Ambroise asiiguse. Ilipozimika nilisema uongo. Niliogopa kufukuzwa."

Mwalimu Evariste akainua fimbo juu ya Placide.

"Na sasa utamupiga kwa kusema kweli?" aliuliza Mama Hortense. "Weye ulimupa fimbo, Mwalimu. Alifanya kama alivyokuona ukifanya."

Mkono wa mwalimu ukashuka polepole. Akachota maji, akapiga magoti, akamwosha Ambroise damu usoni kwa leso yake mwenyewe. "Unisamehe, mwanangu," alisema mbele ya watoto wote.

Juma lililofuata hapakuwa na shefu wala fimbo. Mashine iliwekwa katikati ya meza, karibu na dirisha. Placide aliichukua na kunyoosha mkono ampe Ambroise. Ambroise akajikunja na kuufunika uso kwa mikono yote miwili.

Mkono wa Placide ukabaki hewani. Alitamani ardhi immeze.

Mama Hortense aliona. Akaja kusimama karibu nao, na Mwalimu Evariste akasogea kusikiliza.

"Mashine ilipona mara moja, kwa kuiweka tu kwa jua," alisema. "Mutu haponi hivyo. Fimbo haikumufundisha Ambroise hesabu, ilimufundisha kuogopa mukono ya mwenzake. Na mutu anayekuogopa hawezi kukuonyesha makosa yako. Placide, utanyoosha huo mukono kila siku, kwa upole, mpaka asiuogope tena. Kujifunza pamoja kunaanzia hapo. Na siye walimu pia, tunaanzia hapo."

Placide akaiweka mashine mezani, kwenye mwanga, akaifinya tena ile hesabu yake ya magunia, akaurudisha mkono wake magotini.

"Ambroise," alisema kwa sauti ndogo, "makosa yangu iko wapi?"

Ambroise alishusha mikono. Jicho lake lilikuwa bado limevimba. Akasogeza kidole.

"Hapa," alisema. "Toa sifuri moja."