Mwanzi Uliorudishiwa Jina

Lifti ya jengo lile haikuwa kubwa, na saa ya chakula cha mchana kila mtu huingia bila kuuliza kama kuna nafasi. Watu walikuwa wamebanana, begi la huyu tumboni kwa yule, pale milango ilipofunguka tena akaingia msichana mwenye gauni la njano na raba zenye matope. Alikuwa amekumbatia chungu cha mwanzi uliomzidi urefu. Majani yalimtekenya mama mmoja sikioni na kumvua karani mmoja kofia. Msichana akawaomba radhi wote kwa mkupuo, akabonyeza kitufe kwa kiwiko.

Kijana mmoja alikuwa amesukumwa hadi ukutani. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na mkononi alishika miwani iliyovunjika, anaipeleka kwa fundi. Kibao cha bati kilichoning'inia kwenye mwanzi kilimgonga pua. Mwingine angekisukuma kando, lakini yeye alikisogeza jichoni akakisoma, kisha akakunja uso.

"Samahani dada," akasema. "Hili jina limeshabadilishwa."

"Jina la nani?"

"La huu mwanzi. Hapa umeandikwa Sinocalamus oldhamii. Siku hizi ni Bambusa oldhamii."

"Kwani umekosa nini mpaka unyang'anywe jina?"

Lifti nzima ikacheka. Kijana hakuona cha kuchekesha. Alieleza kwamba mwanzi huo ulianza kuitwa Bambusa, wataalamu wakauhamishia kwenye ukoo mwingine, halafu wengine wakauchunguza upya wakaurudisha.

"Yaani wazee wake waligombana, sasa wamepatana," msichana akasema, na kijana akakiri kwamba ni karibu hivyo.

Alieleza mpaka akapitwa na ghorofa ya fundi wa miwani. Ikabidi amsaidie kubeba chungu hadi kwenye ofisi iliyouagiza, maana mtu hawezi kuuonea mmea wa watu halafu asiubebe. Waliposhuka walikuwa wamepeana namba za simu, na yeye alishapewa jina la Bwana Majina.

Msichana naye alikuwa na lake. Mjini walimwita Binti Mianzi, kwa kuwa mama yake ndiye Mama Mianzi, mwenye kitalu cha miche nyuma ya maduka ya saruji. Mama alikipanda kichaka cha kwanza akiwa kijana, akakigawa mwaka hata mwaka, na kila mche akautengenezea kibao kwa brashi nyembamba na rangi nyeupe. Sasa mikono yake ilikuwa inatetemeka na hakuweza hata kushika sindano. Vibao vile ndivyo vilivyobaki vya mkono wake ulipokuwa mzima, na binti alivipenda kama roho yake.

Mapenzi yalishika haraka. Bwana Majina alikuwa mtaalamu wa mianzi kwenye bustani ya mimea ya jiji, na kila alipomaliza kazi alipitia kitaluni na shati lake jeupe, akaondoka nalo limekuwa la kijivu. Alimwonyesha binti namna ya kuutambua mwanzi kwa ganda linalofunika chipukizi, kabla halijakauka na kudondoka. Binti alimfundisha kunyamaza chai inapokuwa mezani. Kwenye simu walikuwa hawaishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe leo umemnyang'anya nani jina?"

"Nyasi mbili tu."

"Maskini. Walilia?"

Jambo moja tu waliliacha njiani. Bwana Majina alimwomba binti abadilishe vibao, kwa sababu jina la zamani lingemletea balaa siku moja. Binti akasema mwandiko wa mama yake hauguswi na mtu. Bwana Majina hakurudia tena, na hapo alikosea, kwani alikuwa na haki ya kurudia.

Balaa lilikuja kwa sura ya kazi kubwa. Mama mmoja, meneja wa hoteli mpya, alitaka mianzi ya kuzungushia bwawa la kuogelea. Alikuwa ameshaungua, maana kwenye hoteli yake ya kwanza alipanda mianzi ile inayotambaa chini kwa chini, ikainua vigae na kupasua ukingo wa bwawa. Binti Mianzi alimhakikishia kwamba hii yake haitambai. Inakaa palepale ilipopandwa na kunenepa taratibu kama kichaka. Meneja akakubali, na miche ikapelekwa kwa lori.

Ila mtu aliyeumwa na nyoka hutaka uhakika. Kabla mashimo hayajachimbwa, meneja alisoma kibao kimoja, akapiga simu bustani ya mimea kuuliza kama upo mwanzi wa jina lile. Bwana Majina ndiye aliyepokea. Mezani alikuwa na majani makavu anayapanga, akili yote iko huko.

"Jina hilo halitambuliwi tena, mama," alijibu, akashukuru kwa kupigiwa, akakata.

Hakuuliza anayepiga ni nani. Wala hakujiuliza ni nani mwingine mjini mzima anayelitumia jina lile.

Jioni lori lilirudi na miche yote, ikashushwa getini ovyo, mingine imevunjika vichwa. Meneja alipiga simu akasema kwa adabu kwamba hapandi mwanzi usiojulikana karibu na bwawa lake, na kwamba mtaalamu mwenyewe amemthibitishia. Alikuwa ameshawaambia na wenzake. Wateja wengine wawili walipiga kuahirisha. Binti alisimama katikati ya vyungu na kuelewa kwamba jina la mama yake, lililojengwa kwa maisha mazima, limekuwa la tapeli. Akampigia Bwana Majina.

"Leo kuna mama alikuuliza mwanzi wetu?"

Akafikiri kidogo. "Aliuliza jina. Nikamwambia halitambuliwi tena."

"Na linalotambuliwa ukamwambia?"

Bwana Majina akayasukuma kando majani yake makavu.

"Ukamwambia kwamba mmea ni uleule?"

"Hakuuliza hilo."

"Hata mimi sikukuuliza, kwenye lifti, mbele za watu, na ulinieleza mpaka ukapitiliza. Yeye ukamkatia nusu." Sauti yake ilikuwa imepoa, na hiyo ilimtisha kuliko kelele. "Usinipigie."

Alipiga hata hivyo, mara nyingi, na simu iliita bure. Siku zile hazikumwendea vizuri. Alivaa shati bila kulipiga pasi na kuiandikia nyasi moja jina la nyasi nyingine. Alijua kosa lake lilipo. Katika kazi yake jina la zamani halitupwi kamwe. Huandikwa chini ya jipya ili aliyelizoea asipotee. Alilifanya hilo kila siku kwa majani makavu, akashindwa kulifanya mara moja kwa mtu anayempenda.

Mwishowe aliacha simu akaenda hotelini. Alimweleza meneja kwamba jibu lake lilikuwa la kivivu. Meneja akasema maneno ya wataalamu ameshayasikia, sasa anataka kuona kwa macho. Basi Bwana Majina akamwomba aje kitaluni.

Walipofika, Binti Mianzi alikuwa anamwagilia. Hakumsalimia Bwana Majina. Alimsalimia mgeni, akafunga maji, akasimama kando. Bwana Majina alichukua jembe, akaenda moja kwa moja kwenye kichaka kikongwe cha Mama, akapiga magoti na kuchimba pembeni yake, matope yakimrukia hadi kwenye miwani. Alichimba upande mmoja, akazunguka wa pili, jasho linamtiririka. Ungekuwa unatambaa, alisema, tungekutana na kamba ndefu nyembamba za mizizi zinazokimbilia mbali. Alichokifukua kilikuwa vipande vifupi, vinene, vilivyopinda kama kiwiko, kila kimoja kimeegemea mwenzake.

"Kimekaa hapa tangu huyu hajazaliwa," Mama Mianzi akasema kutoka kwenye kiti chake, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Hakijafika hata bombani."

Meneja aliinama akashika mwenyewe. Kisha akamgeukia Binti, akamwomba radhi, akasema lori litarudi kesho na wenzake atawapigia leo hii. Alipoondoka, palibaki watu watatu na shimo.

"Mteja umemrudisha," Binti akasema. "Mimi je?"

"Wewe nimekuja kukuomba." Alikuwa bado kwenye magoti. "Nakupenda. Nilikuwa na maneno kwa kila mtu, siku uliyoyahitaji nikayafanyia ubahili. Sitafanya tena."

Binti alitazama kibao kwenye kichaka. "Na mimi uliniambia nivibadilishe. Nilikusikia. Sikutaka tu kufuta mwandiko wa mama."

"Mwandiko gani?" Mama akauliza. "Mimi niliandika nilivyoambiwa na aliyeniuzia. Ile si wosia, mwanangu. Pana nafasi chini, aandike hapo la pili, na langu libaki."

Basi Bwana Majina akaletewa kopo la rangi na brashi ileile nyembamba. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaandika kibao baada ya kibao, ulimi nje kama mtoto wa shule, na Binti akavipokea na kuvianika. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Binti alimwambia hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu lori lirudi, alicheka.

"Nikikuoa," Bwana Majina akasema bila kuinua kichwa, "jina lako sitaligusa."

"Nani kakwambia unanioa?"

"Bado naomba."

Binti alichukua kibao kibichi mkononi mwa kijana, akakipuliza taratibu, macho yanamng'aa. Mama aliwatazama, kisha akatazama lundo la vibao lililosalia.

"Huyu mtoto wa watu ataandika mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka amalize vyote, mama," Binti akasema. "Na kesho aje tena, nimemkubali."