Dole Gumba la Mshika Bendera

Brashi namba sifuri tatu ilikuwa imebaki moja tu dukani, na mikono miwili iliishika kwa pamoja.

Ilikuwa saa saba mchana, mwisho wa mwezi, na duka la vifaa vya uchoraji lilijaa hadi mlangoni: wanafunzi na manila zao, makarani na mihuri yao, kila mtu na kiwiko cha mwenzake. Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyevaa koti jeupe la kazi, vumbi la plasta limemganda mpaka kwenye nyusi. Wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu, shati lake la buluu limepigwa pasi kama la bwana harusi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi.

"Samahani, dada. Niliiona kabla yako."

"Kuona si kushika."

"Unaitakia nini?"

"Meno."

Mwanamume aliitazama ile brashi nyembamba kama sindano, kisha akautazama mdomo wa mwanamke. "Unapiga mswaki jino mojamoja?"

Mwanamke hakukusudia kucheka, akacheka. Alimweleza kwamba ni fundi wa meno bandia. Kwamba jino la kweli lina rangi tano, si moja. Kwamba mwenye doa la chai kwenye jino la kushoto hutaka doa hilohilo kwenye la kulia, la sivyo mtaa mzima utajua. "Na wewe?"

"Macho," alisema. "Ya askari."

Akatoa mfukoni kikopo kilichojazwa pamba, na ndani ya pamba mlikuwa na mtu wa bati, mrefu kama pingili ya kidole, ngao mkononi. Fundi alitoa lenzi yake ya kazini akamkagua papo hapo, watu wakimsukuma mgongoni.

"Umempaka kope."

"Mbili. Ya tatu brashi yangu ilikataa."

Akaiachia brashi. "Chukua. Lakini nataka kuwaona wenzake."

Mwanamume huyo alikuwa mkutubi, na wenzake wa yule askari walikuwa wakipigana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha maktaba. Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Kila mchezaji alikuwa na askari kumi na wawili juu ya meza iliyopangwa vilima vya boksi na miti ya sponji. Mwendo ulipimwa kwa tepu, pigo liliamuliwa kwa dadu, na ambaye mshika bendera wake ameanguka, ameshindwa. Kilichokuwa kigumu ni kwamba askari walinunuliwa wakiwa kijivu, na kanuni ilikataza kuingia vitani na mtu asiyepakwa rangi.

Kanuni ya pili haikuandikwa popote. Aliyemwambia fundi ni Bibi Dadu, mkunga mstaafu aliyeitwa hivyo kwa jinsi alivyozirusha dadu kama anafukuza kuku.

"Wa kwanza hafutwi, mwanangu. Yule wa kwanza kumpaka, hata akitoka kama zimwi, unabaki naye. Wangu huyu hapa. Nimezalisha watoto elfu moja, sijaona pua kama hii."

Mkutubi naye alionyesha wa kwanza wake, mlinzi mwenye uso wa kijani. "Nilikosea kopo," alisema. "Tunamwita Mgonjwa."

Fundi alinunua boksi lake. Alisafisha kingo, akapaka rangi ya msingi nyeupe, akawapanga wote kumi na wawili dirishani. Hapo akakwama. Kama wa kwanza hafutwi, basi wa kwanza wake asingekuwa kituko. Na kwa kuwa hakuwa na uhakika, hakuanza. Wiki zikapita.

"Laazizi," mkutubi alimwambia siku moja kwa simu, maana kufikia hapo walishakuwa wanaitana hivyo, "askari wako bado wamejifunga shuka?"

"Wanajiandaa."

"Kwenda vitani au kuoga?"

"Kata simu, nina taya la mtu mkononi."

"Sikati. Lipe salamu."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa maneno ya namna hiyo, mchana kweupe, kati ya taya na taya.

Mwezi wa tatu mkutubi aliitwa kwenye mafunzo ya siku kumi katika mji mwingine. Alimwachia boksi lake la askari. "Waangalie, uige," alisema. "Nikirudi nikakuta bado una watu weupe dirishani, naenda kukushtaki kwa Bibi Dadu."

Fundi aliwatoa mmoja mmoja chini ya taa ya kazini. Kumi na mmoja walikuwa safi. Wa kumi na mbili, mshika bendera, alikuwa aibu tupu. Rangi ilirundikwa mpaka pua ikazama. Jicho moja lilikuwa juu, lingine karibu na shavu. Nyekundu ya bendera ilimwagikia mkononi, na mgongoni, kwenye joho, mtu alikuwa ameshika rangi ikiwa mbichi akaacha alama nzima ya dole gumba.

Fundi alifikiri kwa utaratibu, kama alivyozoea. Wa kwanza wa mkutubi ni Mgonjwa. Kwa hiyo huyu si wa kwanza. Kwa hiyo kanuni haimlindi. Aliona ni kazi mbovu ambayo mwenyewe hajapata muda wa kuirudia, na yeye angeirudia kama zawadi. Alimpiga picha pande nne, kama anavyofanya kwa kila jino kabla ya kuligusa, akaandika kasoro saba kwenye karatasi. Ya saba aliandika: *alama ya kidole, mgongoni*. Kisha akamtumbukiza kwenye spiriti. Kufikia jioni, mswaki mkuukuu ulitosha. Mshika bendera alitoka mtupu, anang'aa, na uso mzuri kuliko alivyodhani.

Kesho yake alimpigia Bibi Dadu kuuliza bendera ya kikosi ni ya rangi gani hasa.

"Nyekundu. Si unaye huyo wa baba yake hapo?"

"Wa baba yake?"

"Hakukwambia? Mzee alikuwa dereva wa lori, mikono ikaanza kumtetemeka, wakamwachisha kazi. Mtoto akamletea huyo ampake, apate la kufanya. Alimpaka wiki nzima. Hakuwahi kupaka mwingine. Mwaka huohuo akafa. Wa kwanza, na wa mwisho. Hujaona mkutubi anavyoweka dole lake mgongoni pale kabla ya kurusha dadu? Ni dole la mzee." Kisha akashusha sauti, "Mwanangu, usiniambie umemgusa."

"Hapana, Bibi. Nauliza tu."

Alikata simu. Kikombe cha spiriti kilikuwa bado mezani, na rangi ya yule mzee ilikuwa imetulia chini yake kama matope.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kitu kisicho cha kweli ambacho hata mwenye kinywa hakitambui. Hapo ndipo penye balaa. Asiyejua kufanya angelia na kukiri. Yeye alijua kufanya. Alikuwa na picha nne, orodha ya kasoro saba na siku nane. Alipaka jicho la juu, akapaka la shavuni. Alirundika rangi mpaka pua ikazama tena. Alitetemesha mkono kwa makusudi, na mkono wake, ambao kwa miaka tisa aliufundisha kutotetemeka, ulimtii. Ilibaki kasoro ya saba. Alilijaribu dole lake kwanza kwenye nta, kisha, rangi ikiwa mbichi, akalibonyeza johoni. Dole lake lilikuwa na kovu jembamba la kisu cha kazini, na kovu likatoka. Alijiambia kwamba ni mkunjo wa joho.

Mkutubi aliporudi alifungua boksi kabla hata ya kuvua viatu. Alimtoa mshika bendera, akaweka dole lake mgongoni.

"Mzee, tumerudi," alisema. Kisha akamgeukia fundi, aibu kidogo usoni. "Sikukwambia habari zake. Ni baba yangu huyu, kwa namna fulani."

"Bibi Dadu aliniambia."

"Na hukumcheka."

"Hapana," alisema fundi. "Sikumcheka."

Miezi minne alimwona akiweka dole pale. Kila Jumamosi, kila dadu. Akishinda, alibusu joho. Fundi aliangalia tepu, au dari, au viatu vya watu. Meno yake yalianza kurudishwa kwa kasoro, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Una nini siku hizi?" shoga yake wa mapokezi alimuuliza. "Mtu anapendwa hivyo, uso kama ameiba."

Siku moja Bibi Dadu alimvuta kando, akamkazia macho. "Nimezalisha wanawake wa kila aina. Mficha uchi hazai, mwanangu. Sikuulizi kitu."

Fundi alirudi mezani kupanga miti ya sponji.

Jumamosi ya posa alivaa gauni la zambarau kwa sababu mkutubi alimwomba awahi, na alidhani ni picha watapiga. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Jua liliingia kupitia dirisha la juu likakaa juu ya meza, na katikati ya meza, kwenye kilima cha boksi, alisimama mshika bendera peke yake. Mkutubi alikuwa na shati lilelile la buluu.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," alisema.

"Tangu lini?"

"Leo. Nataka tuoane. Mama yangu nitakupeleka kwake. Mzee hayupo, kwa hiyo nimemleta shahidi." Alimchukua mshika bendera akampa mkononi. "Weka dole lako palipo lake. Ukiweka, nitajua umenikubali, na yeye atajua."

Fundi alisimama na kile kipande cha bati, kizito kuliko meno yote aliyowahi kubeba. Aliweka dole. Lilikaa kama ufunguo.

"Tazama," mkutubi alicheka. "Limekaa kama la kwako."

"Ni la kwangu."

Aliendelea kucheka kidogo, kama mtu anayengoja utani umalizike.

"Ni langu," alisema tena, na akamgeuzia kidole, kovu juu. "La mzee nililifuta kwa spiriti ulipokuwa mafunzoni. Sikujua. Nilipojua, nilimpaka upya kutokana na picha. Macho, mkono, yote. Yote ni mimi."

Mkutubi alivaa miwani. Aliangalia joho, akaangalia kidole, akarudi johoni. Alifanya hivyo mara tatu.

"Kwa hiyo miezi minne," alisema, "nimekuwa nikimsalimia nani?"

Mkutubi alimrudisha mshika bendera kikoponi, akamfunika pamba, akatoka. Wachezaji wengine walikuta meza tupu na mwanamke wa gauni la zambarau akikunja tepu iliyokwisha kukunjwa.

Hakumpigia kubembeleza. Alimwandikia ukurasa mmoja: alifuta siku gani, saa ngapi, kwa nini, alimdanganya Bibi Dadu kwa maneno gani, alichanganya rangi zipi. Aliambatanisha zile picha nne na ile orodha, hata ya saba kama alivyoiandika, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Mwisho aliandika: *Sina la kuongeza.* Kisha wiki saba simu ikawa kimya.

Wiki ya nane, saa saba mchana, shoga yake alichungulia mlangoni. "Kuna mtu nje. Hana jino bovu wala hana miadi. Nimfukuze au nimwambie akae?"

Mkutubi aliingia na kikopo chake. Alikuwa amekonda, na shati halikupigwa pasi.

"Wiki ya kwanza uliyonidanganya, naielewa," alisema bila salamu. "Uliogopa. Miezi minne ndiyo siielewi."

"Hata mimi siielewi."

"Vizuri. Ungeieleza, ningeondoka." Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa. "Nilinunua spiriti. Nilikuwa nimfute. Nimeshamshika juu ya kikombe, nikakumbuka kitu. Wale wako wa dirishani, umepaka wangapi?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

"Basi huyu ndiye wa kwanza wako." Alimweka mezani, kati ya mataya mawili ya plasta. "Na wa kwanza hafutwi. Mchukue. Wa baba hayupo tena, nimeshamlilia. Huyu ni wako, na Jumamosi utakuja naye, na akiuliza mtu mbona mbaya hivi, utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Fundi alimwona akitazama dirisha, si yeye. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, karibu.

"Na lile swali la ndoa?" fundi aliuliza.

"Niliuliza, hukujibu. Ulikiri. Ni vitu viwili tofauti."

"Ndiyo," alisema fundi.

"Ndiyo ni tofauti, au ndiyo?"

"Ndiyo."

Mkutubi alivuta pumzi, akalishika lile dole lenye kovu kwa vidole viwili, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

Jumamosi ile alikuwepo mchezaji mgeni, karani wa benki aliyenunua boksi lake juzi. Alizunguka meza akisifu kila kikosi, akafika kwa mshika bendera, akacheka. "Huyu kafanyiwa nini? Nani kampaka?"

Bibi Dadu alishika dadu zake asizirushe. Mkutubi aliinamia kitabu cha kanuni.

"Mimi," alisema fundi, na damu ikampanda usoni mpaka masikioni, kama ambavyo ingempanda kila atakapoulizwa. "Kaa chini. Kwanza kulikuwa na mwingine mahali pake."