Oili Iliyopita Alama

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifungua boneti ya gari la mama yake. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, kisha akapima kama oili imefika kwenye alama. Mama naye alikuwa akipakia mikate ya kupeleka madukani. Binti huyo aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, limemzidi umri. Sheria mpya ya moshi ilipotoka, lilianguka kwenye kipimo.

"Chujio la hewa limeziba," mpimaji alimwambia mama. "Badilisha, urudi. Mwisho ni Ijumaa jioni. Likishindwa, haliingii tena barabarani."

Fundi alibadilisha chujio. Ijumaa asubuhi mama alirudi na Chiriku kupima. Alipokanyaga mafuta, moshi wa buluu ulifumuka hadi watu kwenye foleni wakaziba pua.

"Jungu kuu halikosi ukoko," dereva mmoja akapaza sauti, "na gari kuukuu halikosi moshi! Mama, wapelekee wanunuzi wa vyuma chakavu!"

Watu wakaangua kicheko. Mama akaupiga usukani kwa kiganja. "Nimechoka! Nimefanya kila nililoambiwa. Yule fundi amenichezea shere!"

Chiriku alitazama viatu vyake. Tangu gari lianguke mara ya kwanza, kila asubuhi alikuwa akiliongezea kikombe cha oili kwa siri. Aliona kwamba gari, kama mzee, likilishwa vizuri hupata nguvu.

Kule gereji, mama hakungoja hata salamu. "Umeniharibia gari!"

"Dada yangu, moshi huu juzi haukuwepo," fundi alijitetea.

"Basi moshi umeshuka kutoka mbinguni, sivyo? Mwongo we! Gari naliuza leo hii, na mikate nitaibeba kichwani!"

Fundi aliinamisha uso mbele ya wateja wake. Chiriku akamvuta mama mkono. Akinyamaza, gari litakwenda, na jina la fundi litakwenda nalo.

"Mama, usimgombeze mjomba," akasema huku machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Nilikuwa naliongezea oili ili lipate nguvu."

Fundi akachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama mbali. "Kumbe! Gari nalo lina tumbo, binti. Umelishibisha mpaka linacheua!"

Aliimwaga oili iliyozidi, akaliacha gari lingurume mpaka moshi ukakatika. Jioni, waliporudi kwenye kipimo, mpimaji alikuwa ameshika komeo la lango, tayari kufunga. Alilipima akinung'unika, na gari likapita chupuchupu.

Mama alirudi gereji kwanza kumwomba fundi radhi, tena mbele ya wateja walewale. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kutaka kusaidia si kosa, mwanangu. Kosa ni kutouliza, kisha kunyamaza mwenzio akitukanwa. Na mimi nimekosa, nimehukumu kabla ya kuchunguza. Gari kuukuu likitunzwa linasafishika, Mungu akipenda. Jina la mtu ukishalichafua, kulisafisha ni kazi. Usilolijua, uliza. Ulilolikosea, sema mapema."

"Nimesikia, mama. Kesho nisipime tena?"

"Utapima," mama akajibu, akimpa kitambaa. "Ila ukitaka kushika kikombe cha oili, niite kwanza."