Miti Iliyooshwa Asubuhi

Tangu mama yake afariki, Mwikali hakupenda likizo. Siku za shule alikuwa na wenzake. Likizo ilikuwa chumba kimoja mtaani Al-Mahjar, Jeddah, na ukimya. Kwa hiyo baba yake, Dismas, alikuwa akimchukua kwenye lori lake la maji. Walikunywa chai bila maneno mengi, kisha wakaenda mwendo wa saa nzima hadi kiwanda cha saruji nje ya mji.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na kijiji cha wafugaji. Huko Mwikali alishinda kwa Bi Muzna, mjane mwenye mbuzi tisa. Zamani walikuwa arobaini. Vumbi la kiwanda lilitanda juu ya migunga, mbuzi wakala majani yenye vumbi, wakakohoa, wakafa. Bi Muzna mwenyewe kifua kilimbana, hata kukamua maziwa alipumzikapumzika. Alikwenda kiwandani kulalamika mara tatu. Wakubwa walimpa kahawa, wakamrudisha nyumbani. Wakubwa ndivyo walivyo, wao hawalali karibu na moshi.

Asubuhi moja msimamizi wa kiwanda alimjia Dismas mbio.

"Yalla! Mkaguzi wa mazingira anakuja saa nne. Osha miti yote ya kando ya barabara."

"Nioshe miti, bosi?"

"Ing'ae! Hutaki, namwambia kafili aliyekudhamini akurudishe kwenu."

Dismas akavuta mpira wa maji, akaosha. Alipomaliza alimwita mwanawe.

"Ukiulizwa, sema hakuna vumbi. Halas, basi."

"Lakini baba, Bi Muzna..."

"Nikifukuzwa tutalala wapi, Mwikali?"

Mkaguzi alifika, akaitazama miti ya kijani, akatabasamu. Alipofika zizini, Bi Muzna alimweleza habari za vumbi. Msimamizi akacheka.

"Huyu kazi yake kulalamika. Muulize mtoto, yuko hapa kila siku."

Mwikali alimtazama baba yake. "Hakuna vumbi," alisema kwa Kiarabu.

Bi Muzna hakumkemea. Aliinama tu, akakohoa, akashika ukuta wa zizi asianguke. Mkaguzi alikuwa ameshafunga daftari lake.

"Nimesema uongo!" Mwikali akapaza sauti. "Njoo huku!"

Alimshika mkaguzi mkono, akampeleka nyuma ya zizi, mahali mpira wa maji haukufika. Akatikisa tawi la mgunga. Vumbi jeupe likawamwagikia wote, msimamizi na suti yake.

Kiwanda kilifungwa miezi miwili hadi kikawekewa vichujio vipya. Bi Muzna alipata matibabu, na mbuzi wake wakaanza kuzaa. Dismas alifukuzwa siku ileile. Msimamizi aliyeagiza miti ioshwe alihamishiwa Riyadh, akapewa ofisi yenye kiyoyozi.

Wiki tatu baba na mtoto walikaa chumbani wakingoja uamuzi wa kafili, hadi Dismas alipopata kazi ya kusambaza maji mjini. Jioni hiyo Mwikali aliuliza, "Baba, umenikasirikia?"

"Nilijikasirikia mwenyewe. Niliogopa wakubwa, nikakufundisha uongo. Afya ya watu haifichwi ili mtu mmoja asifiwe. Ukiona jambo linaumiza watu, sema, hata aliyekukataza akiwa mimi."

"Na ukifukuzwa tena?"

"Kazi nitatafuta, mwanangu. Kifua cha Bi Muzna ningekitafuta wapi?"