Flashi ya Nyamizi Haiingii

Nyamizi ana miaka sita. Leo anarukaruka kama panzi.

Ndani ya flashi yake nyekundu mna video ya harusi. Kwenye harusi hiyo Bibi alicheza ngoma. Bibi mwenyewe hajaiona.

Na kesho asubuhi Bibi anarudi kijijini.

Shangazi Holo akaleta laptopu yake mpya. Ni nyembamba kama chapati.

Nyamizi akajaribu kuchomeka flashi.
Geuza huku, geuza kule.
Tak, tak. Haiingii.

Bibi naye akajaribu.
Geuza huku, geuza kule.
Tak, tak. Haiingii.

Paka akaja kuinusa. Akapiga chafya.

Shangazi akacheka. Akaeleza kwamba flashi hii ina mdomo mpana, na laptopu mpya ina matundu madogo tu. Mdomo mpana umeanza kupitwa na wakati.

Nyamizi akaacha kuruka.

"Shangazi, flashi yangu imekufa?"

"Haijafa, mwanangu. Imezeeka kidogo."

"Kama mimi," akasema Bibi.

Wakaenda kwa Mbuke, fundi wa kompyuta wa mtaani. Bibi alitangulia. Kandambili zake zikalia chapa, chapa, chapa.

Nyamizi akamwuliza fundi kama midomo mipana imekwisha duniani.

Fundi Mbuke akamwonyesha kipanya. Akamwonyesha kibodi na printa. Vyote vilikuwa na midomo mipana. Itapungua polepole, alisema, lakini si leo.

Kisha akafungua droo. Akatoa kitu kidogo kama karanga. Upande mmoja kina tundu pana. Upande wa pili kina mdomo mdogo.

"Nakuazima," akasema. "Utanirudishia kesho."

Wakarudi nyumbani mbio. Chapa, chapa, chapa!

Geuza huku, geuza kule.
Tik. Imeingia!

Ngoma ikalia ndi, ndi, ndi. Mwanamke mmoja akazunguka kama pia. Kiatu chake kikaruka, pyuu, kikatua kwenye sufuria ya pilau.

"Nani huyo?" akauliza Bibi.

"Ni wewe, Bibi."

Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akataka irudiwe. Ikarudiwa. Akainuka akacheza. Shangazi akacheza. Nyamizi akacheza juu ya kochi, na hakuna aliyemkataza.

Ndi, ndi, ndi. Paka akajificha chini ya meza.

Mwishowe Bibi akaketi apumue kidogo. Mara akalala fofofo, mdomo wazi.

Nyamizi akapunguza sauti. Akamfunika Bibi khanga mpaka kidevuni.

"Lala salama, Bibi," akanong'ona.

Miguu ya Bibi bado ilikuwa inacheza.