Swichi ya Sita

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu zote: mimi nanyoa, shemeji yangu anagombana na watu. Mimi ni kinyozi, chumba cha kwanza chini. Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi umeme, na alikuwa amekuja kurekebisha swichi za jengo letu kwa mara ya tatu. Mkaguzi alishamkatalia mara mbili. Akikataliwa tena saa nane mchana, leseni ndiyo basi.

Kosa halikuwa lake hata kidogo. Jengo lina vyumba sita vya biashara, na sheria iko wazi: kila mpangaji awe na swichi kuu yake ya kukata umeme, zote zikae pamoja, ziandikwe, kila mtu aweze kuzifikia. Kwetu kila swichi ilikaa ilipojisikia. Ya mama fundi cherehani wa juu ilikuwa ndani ya duka la dawa. Mwaka jana umeme wa pasi ulimnasa. Tulimsikia akigonga ukuta. Tulikimbia kuzima, tukakuta kufuli; muuza dawa ameenda kula. Nililivunja kufuli lile kwa mikono hii. Nilichelewa.

Sasa mwenye jengo, mkono wa birika, kanunua swichi tano.

"Vyumba ni sita, mzee," shemeji akamwambia.

"Cha juu hakina mtu. Marehemu atawasha nini?"

Shemeji akameza hasira. Akafunga swichi tano kwenye ubao mmoja chini ya ngazi, juu ya kila moja akaandika kazi ya mpangaji. Ile kuukuu ya mama fundi, iliyoungua pembeni, aliing'oa duka la dawa akaitupa pipani mbele ya macho yangu. Waya wa chumba cha juu akaukata kabisa.

Saa saba muuza dawa alifunga duka akaenda kula. Hajajifunza kitu yule mwanamke, nasema wazi.

Hapo cherehani ikaanza kulia juu.

Nilizima mashine yangu nikasikiliza. Mteja naye akasikia. Alitoka mbio na kichwa nusu, hajarudi mpaka leo. Shemeji akateremsha swichi zote tano. Jengo zima likanyamaza. Cherehani haikunyamaza.

"Shemeji," akaninong'oneza, "waya nimeukata mwenyewe."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikashuka ngazini. Kisha kugonga. Ukutani. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Nilikujua kugonga kule.

Miguu ilinipeleka yenyewe. Duka la dawa. Kufuli. Nikakamata nyundo ya shemeji, nikapiga huku nalia kwa hasira, maana ni mlango uleule, saa ileile, upumbavu uleule. Kufuli likaachia. Nikaingia. Nikapeleka mkono ukutani kuzima.

Ukuta mtupu. Matundu manne ya skrubu.

Kugonga kukakoma.

Saa nane mkaguzi akafika, kalamu sikioni. Shemeji alisimama kando, shati limelowa jasho, tayari kujitetea kuhusu chumba cha sita. Mkaguzi akahesabu kwa kidole.

"Sita. Zote pamoja, zote zimeandikwa. Si ungefanya hivi tangu mwanzo?"

Akasaini, akaenda zake.

Tukageuka kuutazama ubao. Pembeni ya zile tano mpya ilikuwepo ile kuukuu iliyoungua, imekazwa vizuri. Juu yake, kwa chaki ya kushonea, kwa mwandiko uliokuwa ukiandika vipimo vya suruali zangu: Fundi cherehani.

Shemeji akafungua kifuniko. Haikuwa na waya hata mmoja.

Leseni anayo, ila jengo letu hakanyagi tena. Muuza dawa siku hizi anakula dukani, mlango wazi. Na kila siku saa saba mimi ndiye ninayekwenda kuizima swichi ile, kwa sababu kila siku saa saba naikuta imewashwa, na ni ya moto kama pasi.